Mshenga wa Chuma

Mambo yaliharibika Jumanne Pon, ile Jumanne ya kalenda ya Kijava inayorudi kila baada ya siku thelathini na tano, tarehe kumi na tisa Machi, saa nne na robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu Pak Hendarto, yule bwana mkubwa wa ofisi ya mazingira, ndiyo kwanza alikuwa ameitazama ya kwake, ile ya dhahabu, akasema, "Tuanze basi, nina mkutano mwingine." Hajafunga mdomo, pipa la kwanza likaanza kunguruma kama tumbo la mtu aliyekula maharage mabichi.

Kisha povu likapanda. Povu jekundu, rangi ya kutu, likasukuma kifuniko, likafurika, likashuka ubavuni mwa pipa na kutambaa sakafuni hadi likavipanda viatu vya Pak Hendarto. Viatu vyeupe. Mtu gani anakuja kwenye kichochoro cha watia rangi na viatu vyeupe? Lakini ndio hao wanaotutawala.

Mbak Nihayah, binti aliyeyaleta yale mapipa matatu ya kusafisha maji yetu ya rangi kutoka chuo cha ufundi, alikimbilia bomba akalifunga. Alikuwa amechelewa. Maji yaliyotoka mwisho, yale aliyotuahidi kuwa yangetoka meupe, yalitoka kama uji wa udongo.

"Hii ndiyo sayansi?" Pak Hendarto akauliza, anajifuta kiatu kwa karatasi ya hotuba yake.

"Samahani, Pak. Sijui kimetokea nini. Chuoni nimejaribu mara arobaini."

"Basi ungebaki chuoni." Akatugeukia sisi wengine tuliojipanga ukutani kama watoto wa madrasa. "Nisikilizeni. Mto umekufa na kila mtu anajua umeuawa na nani. Nawapa mpaka Jumanne Pon ijayo. Siku thelathini na tano, hakuna ya nyongeza. Siku hiyo maji yakitoka na rangi, karakana zote tisa za kichochoro hiki zinafungwa."

Akaondoka, anachechemea kama bata, mguu mmoja mwekundu.

Mimi naitwa Rasmadi. Shule niliiacha darasa la nne. Kazi yangu ni kuchemsha batiki: nguo ikishachorwa kwa nta na kutiwa rangi, inaletwa kwangu, naizamisha kwenye sufuria kubwa ya maji ya moto yenye magadi mpaka nta iachie na maua yaonekane. Nimeifanya miaka thelathini na moja katika karakana ya Pak Sakroni. Sijui nyingine. Kichochoro kikifungwa mimi ni mzee wa miaka hamsini na tisa mwenye mikono iliyobabuka, asiye na mke wala kazi.

Mke nilikuwa naye. Turinah. Alikuwa mtia rangi, na hapa pwani ya kaskazini ya Java waliomshinda kwa rangi nyeusi walikuwa wachache. Daktari alisema ni figo. Mimi si daktari, lakini kisima chetu kilikuwa kinatoa chai kabla hatujatia majani. Tulikwenda kwa mkuu wa kata mara tatu. Mara ya tatu akatujengea mtambo wa kusafisha maji, wa saruji, wenye bendera na utepe, na mheshimiwa mmoja akaukata ule utepe kwa mkasi uliowekwa kwenye mto wa hariri. Pampu ikafa mwezi wa tano. Mpaka leo humo wanalala kuku. Turinah alizikwa mwaka uliofuata na hakuna mheshimiwa aliyekuja na mkasi.

Kwa hiyo povu lilipofurika, nusu ya moyo wangu ilicheka. Nikajisemea, haya, mwingine huyo.

Nilicheka mpaka mchana, nilipopita pale kwenye mapipa nikamkuta Nihayah amechuchumaa peke yake, ana vipande vya karatasi ya kupimia mkononi. Anachovya kimoja kwenye hodhi ambamo maji machafu ya karakana zote hukusanyika kabla ya kuingia kwenye mapipa. Anakitazama. Anachovya kingine.

"Haiwezekani," akasema, bila kuinua kichwa. "Jana jioni nilipima maji ya hodhi hili. Asidi nikaikadiria kwa kipimo hicho. Leo yana ukali wa magadi mara tano ya jana. Pak Rasmadi, kuna karakana imemwaga kitu alfajiri?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

Maana alfajiri ile niliyekuja pale ni mimi. Nilisimama juu ya hodhi nikayaangalia yale maji meusi yaliyokuwa yanangoja wakubwa, na pamoja na uchungu wangu wote nikaona haya kwa niaba ya kichochoro. Nikasema tuyasaidie kidogo. Nikarudi karakanani, nikachota makopo manne ya magadi, nikayamwaga, nikakoroga kwa mti. Kwetu magadi ndiyo kila kitu. Nta haitoki bila magadi, rangi haishiki bila magadi, sufuria haling'ai bila magadi. Mgeni akija, hata maji yenyewe unayaogesha kwa magadi, potelea mbali.

Ningeweza kunyamaza. Wakubwa hawanyamazi kila siku? Lakini yule binti macho yalikuwa yamemvimba.

"Ni mimi," nikamwambia.

"Wewe nini, Pak?"

"Magadi. Makopo manne."

Akanitazama. Nilingoja matusi. Nilishayaandaa na majibu yake: kwamba hakuna aliyetuambia, kwamba wasomi mnakuja na mapipa yenu hammuulizi mtu, kwamba mimi si mbuzi wa kufungwa pembeni nitazame. Yeye akaketi sakafuni kwenye lile tope jekundu na kuanza kucheka. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Makopo manne! Pak, umemwaga magadi kwenye asidi. Hiyo si dawa, hiyo ni soda ya chupa iliyotikiswa!"

"Hukutuambia."

"Sikuwaambia," akakubali, anajifuta macho. "Ni kweli. Makosa yangu."

Miaka yangu yote sijawahi kumsikia mtu wa juu akisema makosa yangu. Nikaketi na mimi.

Ndipo akanieleza. Ndani ya pipa la kwanza mna kokoto, kokoto za kawaida za mtoni, ila amezivika chuma kwa kuzichoma motoni. Juu yake anatia asidi kidogo na dawa ya kupaushia, ileile ya saluni ila kali zaidi. Hiyo dawa peke yake ni mvivu, inaweza kukaa na rangi siku nzima na isiiguse. Ikikutana na chuma inapata wazimu, inairukia rangi na kuikatakata mpaka inabaki hewa na maji.

"Na chuma kinaliwa?"

"Hakiliwi. Ndiyo raha yake. Kinafanya kazi leo, kesho kinafanya tena. Tunakiita kichocheo."

"Basi ni mshenga huyo," nikasema. "Anaunganisha watu, ndoa ikifungwa anarudi kwake kama alivyokuja, anatafuta wengine."

Akanitazama tena, safari hii vingine. "Nimesoma miaka sita," akasema, "na hakuna mwalimu aliyenieleza vizuri hivyo."

"Wakubwa wako hawajawahi kuoa?"

Siku iliyofuata nilisimama mbele ya kichochoro kizima nikasema ni mimi niliyeharibu. Bu Casmirah, mtia rangi wa karakana ya tatu, ambaye ulimi wake unakata kuliko mkasi wa yule mheshimiwa, akapiga kofi pajani.

"Jamani! Miaka miwili Kang Rasmadi anawalaumu mkuu wa kata, meya, waziri na mvua. Kumbe mchawi wetu ndiye yeye!"

Wakacheka. Nikawaacha wacheke. Ila nikaongeza kwamba pampu ya kuku sikuiua mimi.

Tukaanza upya. Hakuna aliyegusa magadi. Siku ya kwanza maji yaliingia meusi yakatoka kama chai hafifu. Siku ya pili, vilevile. Siku ya nne yakatoka mekundu, siku ya sita yalitoka vile yalivyoingia. Nihayah akazitoa zile kokoto, akazigeuza mkononi, akapauka.

"Zimekufa," akasema. "Nilidhani zitadumu mwaka. Zimekufa kwa wiki moja. Na za kutengeneza nyingine sina, tanuri la chuo lina foleni mpaka mwezi wa sita."

Siku zilizobaki zilikuwa ishirini na nane. Pak Sakroni, tajiri wangu, mwenyekiti wa karakana zote tisa, akavua kofia yake na kuipunga usoni.

"Mimi naanza kutafuta wa kuninunulia sufuria," akasema. "Mbak, umejitahidi. Si kosa lako. Maji yetu yana laana."

Mimi nilikuwa nimeokota kokoto moja. Ilikuwa nyeusi, yateleza. Nikaikwaruza kwa ukucha. Nikainusa.

"Kang," Casmirah akaniita, "tangu Turinah afariki hujamsalimia mtu vizuri, leo unabusu mawe?"

"Nusa," nikamwambia.

Akanusa. Uso ukabadilika. Yeye naye ameishi na harufu ile tangu anyonyeshwe.

"Nta," akasema.

Nta, ndiyo. Nta na utomvu wa msonobari tunaouchanganya nayo. Kila siku namwaga maji yangu ya kuchemshia yakiwa moto, na nta inakwenda humo imeyeyuka, huioni. Ikifika kwenye pipa baridi inajikumbuka kuwa ni nta. Inatafuta pa kukaa, inakalia kokoto. Mshenga alikuwa mzima wa afya, ila amefungwa kitambaa mdomoni. Atamposea nani?

Nikachukua ile kokoto na nyingine kumi, nikazitia kwenye kikapu cha bati, nikazichovya kwenye sufuria langu la maji ya moto na magadi, kama ninavyochovya nguo. Nta ikapanda juu. Nikazisuuza mara tatu, mara nne, mpaka karatasi ya Nihayah ikasema hakuna magadi tena. Akaziweka kwenye chupa ya maji meusi pamoja na dawa yake. Tulikaa tukiitazama ile chupa kama watu wanaongoja wali kuiva. Casmirah aliyefunua kifungu chake cha wali na fenesi changa akasahau kula. Baada ya muda mrefu kidogo kuliko wa kunywa chai, maji ya chupa yakawa ya zambarau, kisha ya waridi, kisha nikaona vidole vya Nihayah upande wa pili.

"Hazijafa!" akapiga kelele. "Pak Ras! Hazijafa!"

"Zilihitaji kuchemshwa tu," nikasema. Nilijifanya si kitu. Moyoni nilikuwa nimevimba kama andazi.

Lakini kuziosha kila wiki si dawa. Nta ilibidi izuiwe kabla. Na njia nilikuwa naijua, kwa sababu Turinah ndiye aliyekuwa anaifanya zamani, kabla tajiri hajataka kila kitu kwa haraka: unayaacha maji ya kuchemshia yapoe mpaka kesho yake, nta inaganda juu kama utando wa maziwa, unaiengua kwa ungo. Nikaieleza. Pak Sakroni akatikisa kichwa.

"Yapoe wapi, Ras? Karakana tisa, masufuria tisa kila siku. Niyaweke kitandani kwangu?"

Hakukuwa na nafasi, hilo ni kweli. Kichochoro chetu, watu wawili wakipishana mmoja anavuta pumzi.

Nyuma ya nyumba yangu kuna mabirika matatu ya saruji. Turinah alitilia rangi humo. Miaka miwili sikuwa nimeyagusa. La kwanza lina alama nyeusi ya mstari wa maji yake ya mwisho, na ukingoni pamelika pale alipokuwa anaegemeza kiwiko. Nilikuwa nikipita pale natazama ukuta wa pili.

"Yapoe kwangu," nikasema.

Casmirah, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, safari hii akaenda tu kutafuta jembe.

Kesho yake tulichimba mfereji mdogo wa matofali kutoka karakanani mpaka kwangu. Wanaume wenye madeni ya vikombe vya kahawa kwangu, watu ambao sikuwa nimesema nao tangu mazishi, walikuja na majembe. Maji ya kwanza yalipoingia kwenye birika la Turinah yakifuka mvuke, niliingia ndani nikakaa kidogo. Nilipotoka nikakuta Casmirah ameshaweka ungo.

Na yeye ndiye aliyeleta la mwisho. Nihayah alikuwa anahesabu chupa za asidi, anauma mdomo kwa sababu bajeti yake imekwisha, na bajeti inatoka kwa wakubwa, na wakubwa unawajua.

"Asidi?" Casmirah akasema. "Mbak, si tunaimwaga kila siku? Rangi zetu za jua, zile tunazoanika zikachomoza, tunazimalizia kwa kuzichovya kwenye asidi. Ikishachoka inakwenda mferejini."

"Bado ina ukali?"

"Tia kidole uone kama utakitoa na kucha."

Kwa hiyo uchafu wa Casmirah ndio ukawa dawa ya uchafu wangu. Nihayah alipima, akaandika, akacheka peke yake.

Jumanne Pon, tarehe ishirini na tatu Aprili, Pak Hendarto alikuja na watu wake sita, mpiga picha, na viatu vyeusi. Amejifunza. Kichochoro kizima kilikuwa pale, watu wamepanda hadi juu ya paa la banda la nta. Mkononi ana barua ya kufunga karakana, imeshapigwa mhuri, ila tarehe haijajazwa. Niliiona kwa macho yangu. Alikuja amekwisha kuamua.

"Leo hakuna povu?" akauliza.

"Kaa mbali kidogo, Pak, kwa usalama wa viatu," Casmirah akajibu kutoka nyuma, na watu wakacheka kwa woga.

Nihayah akafungua bomba. Maji ya hodhi yaliingia kwenye pipa la kwanza meusi, mazito, yale meusi ya nguo za harusi, ambayo ndiyo mabaya kuliko yote. Tukangoja. Pipa likatoa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona. Pak Sakroni midomo ilikuwa inasoma dua. Saa ya dhahabu ilitazamwa mara tatu.

Kisha Nihayah akageuka, akaniita mbele ya wote. Akanipa kopo.

"Pipa la pili, Pak Ras. Sasa ndiyo wakati wake. Maji yametoka na uchachu, na vumbi la chuma lililobanduka limo humo. Yanahitaji magadi ili yatulie. Nusu kopo. Si manne!"

Kicheko kilichopigwa nadhani kilisikika sokoni. Nikamwaga nusu kopo, polepole. Kutu ikakusanyika, ikazama chini taratibu. Maji yakapita kwenye pipa la tatu lenye mchanga na mkaa, yakafika kwenye bomba la mwisho.

Casmirah alikuwa tayari ameshachuchumaa pale na pande la kitambaa cheupe kisichotiwa kitu, kitambaa cha kuchorea. Kwetu hiki hakidanganyi. Maji yenye rangi hata chembe kitambaa hiki kitaisema. Akakikinga chini ya bomba. Akakilowesha chote, akakikamua, akakikunjua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili jua likipita ndani yake.

Cheupe.

Sijui nani alianza. Nilisikia masufuria yanapigwa. Waliokuwa juu ya paa walirukaruka mpaka vigae viwili vikaanguka. Pak Sakroni alinikumbatia, akanilowesha bega kwa machozi, tajiri aliyenipunja miaka thelathini na moja, nami nikamkumbatia. Nihayah alinyanyuliwa na wanawake wa kutia rangi, wenye mikono ya bluu mpaka kwenye kiwiko, wakamzungusha. Mimi nilikwenda nikaweka kiganja chini ya bomba. Maji baridi. Nikaona mistari ya mkono wangu, yote, ndani ya maji yaliyotoka kwenye sufuria langu.

Pak Hendarto akaichana ile barua. Sikatai, aliichana. Akapiga picha na bomba, akapiga na kitambaa, akamwambia mpiga picha kwamba ofisi yake imekuwa ikiamini mradi huu tangu mwanzo. Nikamwacha. Siku ile hata uongo wake ulikuwa mtamu.

Tukayafuata maji, kichochoro kizima, kama watu wanaosindikiza bibi harusi. Yalikwenda kwenye mfereji wa nyuma yakiwa safi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaona chini ya mfereji ule: mawe, ndala moja, kijiko. Watoto wakapiga kelele. Hatua kumi, safi. Hatua ishirini, safi.

Hatua ya thelathini yakawa ya zambarau.

Tukasimama. Pale, chini kabisa, mahali ambapo siku zote maji yetu meusi yalikuwa yamepafunika, kulikuwa na mdomo wa bomba la zege, mpana kama kikapu cha mchele, umetokeza ukutani. Si wa kwetu. Kwetu hakuna mwenye fedha ya bomba kama lile. Lilikuwa linatapika zambarau nzito, moto, linafuka, na lilivyokuwa limeota ukoga halikuwekwa jana. Juu yake kuna ukuta mrefu usio na dirisha wala jina, ambao sote tumeupita miaka yote bila kujua ndani yake mna nini.

Watu wote wakamtazama Pak Hendarto. Yeye akatazama saa.

Sikumtukana. Sikuwa na hasira hata, siku ile nilikuwa nimeshiba. Nilisimama karibu naye nikamwuliza kwa heshima, kama mtu anayeuliza njia. Akasema atafuatilia. Nilimwuliza tena wiki iliyofuata ofisini kwake, wakaniambia ametoka. Nimemwuliza mkuu wa kata. Nimemwuliza na yule mwandishi wa gazeti aliyekuja kumpiga picha Nihayah, akaacha kuandika.

Lile bomba ni la nani?